Udarizi wa Kuhesabu Nyuzi wa Zama za Kati: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wanaowafundisha Wanagenzi

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya mtu aliyekwisha kukubali, pengine baada ya kusukumwa na wenzake, kukaa na wanagenzi wenye sindano mikononi na kuwafundisha udarizi wa kuhesabu nyuzi kama ulivyofanywa kabla ya mwaka 1600. Baadhi ya maswali huulizwa na walimu wapya na mengine huulizwa na wanafunzi. Nimeyachanganya kwa makusudi, kwa sababu mwalimu atakutana nayo yote katika saa mbili zile zile.

Udarizi wa kuhesabu nyuzi ni upi, na una tofauti gani na udarizi mwingine?

Kitambaa chochote kilichofumwa kina nyuzi za mtande zinazokwenda kwa urefu na nyuzi za mshindio zinazozikata. Katika udarizi mwingi, nakshi huchorwa kwanza juu ya kitambaa, kisha sindano hufuata mstari bila kujali imepita kati ya nyuzi zipi. Katika udarizi wa kuhesabu hakuna kinachochorwa. Sindano huingia kwenye tundu dogo lililo kati ya nyuzi na nyuzi, huvuka idadi iliyokwisha kukubaliwa, nyuzi 2 au 4 au 6, kisha huingia tena. Aliyekulia katika nyumba yenye vitambaa vya makochi vilivyodariziwa kwa mshono wa msalaba amekwisha kuiona kazi ya jamii hii, hata kama hakuwahi kuambiwa jina lake.

Inafaa kuwaeleza wanafunzi mapema yale yasiyokuwa ya kuhesabu, maana watayataja. Kazi mashuhuri ya Bayeux, yenye urefu unaokaribia mita 70, ilidariziwa kwa nyuzi za sufu juu ya kitani katika karne ya 11, lakini ilifuata mistari iliyochorwa. Majoho ya kanisa ya karne za 13 na 14 yaliyoipa Uingereza sifa Ulaya nzima nayo yalifuata mchoro. Ni kazi nzuri mno, ila si somo la siku hii.

Kwa nini mpaka wetu ni mwaka 1600?

Jumuiya kubwa ya watu wanaoigiza maisha ya Zama za Kati, Society for Creative Anachronism, ilianzishwa mwaka 1966 huko Berkeley, California, na inashughulikia maisha ya kabla ya karne ya 17. Mpaka huo unajumuisha vitu ambavyo mwanahistoria asingeviita vya Zama za Kati hata kidogo, kama vile kola za watu wa enzi ya Elizabeth I, malkia wa Uingereza, lakini kwa mwalimu wa darizi ni baraka, kwa kuwa karne ya 16 imetuachia mifano mingi kuliko zilizotangulia. Jumuiya hiyo imeigawa dunia katika falme za kuigiza. Ufalme unaoitwa Drachenwald unahusisha Ulaya, Mashariki ya Kati na Afrika, kwa hiyo msomaji wa Dodoma au Mombasa atakayejiunga atakuwa raia wa Drachenwald pamoja na Wajerumani na Wafini. Jambo hilo limewachekesha watu wengi niliowaeleza.

Nianze na mshono gani?

Anza na mshono wa matofali, unaoitwa hivyo kwa sababu mishono yake hupandana nusu kwa nusu kama matofali ya ukuta. Najua kwamba walimu wengi huanza na mshono wa msalaba kwa hoja kwamba kila mtu anaujua. Hiyo ndiyo sababu inayonifanya niukwepe: anayeujua huanza kudarizi kwa mazoea bila kuhesabu, na kuhesabu ndilo somo lenyewe.

Mshono wa matofali una historia iliyo wazi. Katika karne ya 14, hasa katika maeneo ya Westphalia na Lower Saxony nchini Ujerumani, ulitumiwa kufunika kitani chote kwa hariri ya rangi, katika vitambaa vya kanisani, mikoba midogo na vifuko vya kuhifadhia masalio ya watakatifu. Jumba la makumbusho la Victoria and Albert jijini London lina kazi za Kijerumani za namna hiyo, na kanisa kuu la kale la Tongeren nchini Ubelgiji limehifadhi vifuko vya masalio vya Zama za Kati. Nakshi zake ni misambamba iliyopangwa kwa ngazi, mistari inayopanda na kushuka, na misalaba iliyofungwa ndani ya miraba, yaani maumbo yanayotokana na hesabu yenyewe. Mwanagenzi hahitaji kuwa na mkono wa mchoraji.

Faida ya pili ni kwamba mshono huu husamehe. Kwa kuwa unafunika kitambaa chote, mvutano usio sawa wa uzi hauonekani sana, na kipande cha saa moja hutoka kikiwa na sura ya kitu kilichokusudiwa.

Safu ya kwanza hufundishwaje?

Hapa ndipo mwalimu atumie muda mwingi kuliko mahali pengine popote.

Mshono wa kwanza unasimama wima na kuvuka nyuzi 4 kutoka chini kwenda juu. Mshono wa pili unasimama ubavuni mwake, katika mstari wa matundu unaofuata upande wa kulia, lakini umepanda nyuzi 2 zaidi. Mshono wa tatu unarudi kwenye kimo cha kwanza, wa nne unapanda tena, na hivyo hivyo hadi mwisho. Ukimaliza safu, ukingo wake wa juu utakuwa kama meno ya msumeno yenye kina cha nyuzi 2. Safu ya pili hukaa juu ya meno hayo. Kila mshono wake huanzia kwenye tundu lile lile ambalo mshono wa chini yake uliishia, kisha huvuka nyuzi 4.

Tazama maana ya jambo hilo. Kuhesabu kwote kumo katika safu ya kwanza, na safu zinazofuata zinainakili tu. Mshono mmoja uliovuka nyuzi 3 badala ya 4 utaonekana kama kasoro ndogo isiyostahili kufumuliwa, kisha safu ya pili itauiga, na ya tatu itaiiga ya pili, mpaka nakshi nzima ikatike mahali hapo. Kwa sababu hiyo nimejiwekea kanuni: hakuna mwanafunzi anayeanza safu ya pili kabla sijaiangalia safu yake ya kwanza, tundu kwa tundu, kwa ncha ya sindano yangu. Kwa wanafunzi wanane hilo huchukua dakika ishirini, na hulipa.

Halafu geuza kitambaa. Mgongo wa kazi hueleza njia ambayo sindano ilipita, na zipo njia mbili. Mwanagenzi asiyeelekezwa huanzisha kila mshono chini na kuumalizia juu, kwa hiyo baada ya kila mshono uliopanda hulazimika kurudi chini kabisa kwa nyuma ili aanzishe unaofuata. Anayejua hupishanisha: mshono wa kwanza anaudarizi kwa kupanda, wa pili kwa kushuka, wa tatu kwa kupanda, na nyuma huonekana hatua fupi za mshazari tu. Ukipima kwa nyuzi za kitambaa, njia ya pili huokoa karibu robo ya uzi wote. Kwa uzi wa pamba robo hiyo si kitu, lakini kwa hariri iliyosafirishwa kutoka mbali na kununuliwa kwa uzani, ilikuwa fedha.

Kupishanisha kuna gharama yake. Katika safu ya pili, nusu ya mishono italazimika kutokea kwenye tundu ambalo tayari lina uzi, na sindano kali itaupasua uzi huo. Mwanafunzi atumie sindano butu, aiinamishe kidogo kuelekea upande usio na uzi, na asiivute mpaka ahakikishe haikuchoma kitu.

Je, tunaweza kutumia kitambaa cha aida?

Aida ni kile kitambaa cha pamba kinachofumwa kwa vikundi vya nyuzi ili kiwe na matundu makubwa yanayoonekana waziwazi. Kilianza kutengenezwa Ujerumani mwishoni mwa karne ya 19, basi hakina mahali katika vazi la mwaka 1350. Lakini sababu inayonifanya nikikatae darasani si tarehe. Aida imekwisha kumhesabia mwanafunzi. Anayejifunzia juu yake hajifunzi kuusoma mfumo wa kitambaa, na siku atakapopewa kitani ataanza upya. Tena mshono wa matofali hukaa vibaya juu yake, kwa kuwa matundu yametengana na weupe wa kitambaa huchungulia kati ya mishono.

Tafuta kitani kilichofumwa kwa nyuzi zilizo sawa, zenye nafasi ya kuonekana kwa macho. Kitani cha nyuzi 11 kwa sentimita, ambacho madukani huuzwa kama cha nyuzi 28 kwa inchi, kinamfaa anayeanza. Kabla ya kukinunua kwa ajili ya darasa, hesabu nyuzi katika sentimita 5 za mtande, kisha katika sentimita 5 za mshindio. Zikitofautiana sana, msambamba uliokusudiwa kuwa na pande sawa utalala au utarefuka. Wadarizi wa zamani waliishi na kasoro hiyo, maana kitani kilichofumwa kwa mkono mara nyingi hakikuwa sawa pande zote mbili, na nakshi zilizobanwa upande mmoja zinaonekana katika kazi nyingi za kale. Mwanagenzi hana haja ya kuanza nayo.

Kifue kwanza ili kirudi. Halafu chomoa uzi mmoja kutoka ukingoni na ukate kwa kufuata nafasi iliyobaki, kwa kuwa hiyo ndiyo njia ya hakika ya kupata mkato ulionyooka. Kingo zikunjwe au zizungushiwe uzi, la sivyo mwanafunzi atafika nyumbani na robo ya kitambaa ikiwa imefumka.

Uzi na sindano ziwe za namna gani?

Hariri ndiyo iliyotumika, na hariri ndiyo inayofunika vizuri. Hata hivyo, hariri isiyosokotwa hunasa kwenye kila mkwaruzo wa kidole. Watu wanaofanya kazi za mikono, na katika jumuiya yetu ni wengi kwa sababu ya wahunzi na maseremala, huikatia tamaa kabla ya dakika kumi. Kwa somo la kwanza hutoa uzi wa pamba wenye nyuzi sita zinazotenganishika, nikiwaeleza wazi kwamba ni uzi wa kisasa. Wenye ari nawapa hariri iliyosokotwa katika somo la pili. Juu ya kitani cha nyuzi 11 kwa sentimita, nyuzi tatu za pamba kwa pamoja kwa kawaida hutosha kufunika. Ukiona kitani kikichungulia, ongeza moja.

Kipande cha uzi kisizidi urefu wa kutoka ncha za vidole hadi kiwiko, yaani sentimita 45 hivi. Kila mwanafunzi atakata mrefu zaidi ili asitunge tena, na kila mwanafunzi atajuta. Uzi ukianza kujisokota, iachie sindano ining'inie na ijizungushe yenyewe mpaka itulie.

Sindano iwe butu, yenye tundu refu, namba 24 au 26. Namba ikipanda, sindano inakuwa nyembamba. Usiwaruhusu watumie sindano kali waliyoikuta katika kopo la vifungo nyumbani.

Kuhusu fundo: katika kazi inayofunika kitambaa chote, uzi huanza kwa kupiga bandi fupi mahali patakapofunikwa, na huisha kwa kupitishwa chini ya mishono iliyokwisha kushonwa upande wa nyuma. Fundo hutuna na kuonekana upande wa mbele.

Mwanafunzi anasema haoni matundu. Nifanye nini?

Mwambie aweke kitambaa cheusi mapajani. Wengi hushangaa jinsi jambo dogo hivyo linavyobadilisha kila kitu: kitani cheupe juu ya nguo nyeupe hakina matundu, lakini juu ya nguo nyeusi kila tundu linakuwa nukta. Kisha mketishe karibu na mlango wa hema au dirisha, mwanga ukitokea upande wa mkono usioshika sindano.

Anayehitaji miwani aivae bila kuona haya. Miwani ilianza kutumika Italia mwishoni mwa karne ya 13, kwa hiyo anayeigiza mfanyabiashara wa karne ya 15 ana haki nayo kuliko alivyo na haki ya vitu vingine vingi vilivyo katika kambi zetu.

Na usimpe anayeanza kitambaa cheusi au cha rangi ya damu ya mzee. Niliwahi kufanya hivyo kwa sababu kilikuwa kimebaki na kilikuwa kizuri, na katika darasa la watu saba hakuna aliyemaliza safu mbili.

Je, kufumua ni dalili ya kushindwa?

Jane Bostocke alitia jina lake na mwaka 1598 katika kitambaa cha mifano ya mishono ambacho sasa kimo katika jumba la Victoria and Albert, nacho ndicho cha kale kuliko vyote vyenye tarehe vinavyojulikana nchini Uingereza. Maandishi yake yanataja kuzaliwa kwa Alice Lee mwaka 1596. Ukikiangalia vizuri utaona kwamba kuna nakshi zilizofumuliwa, na alama zake bado zipo kwenye kitani baada ya zaidi ya miaka 400. Mimi huwaonyesha wanafunzi picha yake katika nusu saa ya kwanza, kabla yeyote hajakosea.

Kuhusu namna: usirudishe sindano kinyumenyume kupitia tundu lile lile, kwa kuwa utapasua uzi. Toa uzi kwenye sindano, fumua mshono mmoja mmoja kwa upande wa butu wa sindano, na uzi uliofumuliwa zaidi ya mara mbili utupe.

Mshono wa Holbein ufundishwe lini?

Ufundishwe baada ya mshono wa matofali, katika somo la pili au la tatu. Kwa asili ni bandi iliyopigwa mara mbili. Katika safari ya kwanza sindano hupita juu ya nyuzi 2 na chini ya nyuzi 2 hadi mwisho wa mstari. Katika safari ya kurudi hujaza nafasi zilizoachwa. Mstari hutoka mzima, na upande wa nyuma hufanana na wa mbele, jambo lililoufaa sana kwa kola na ncha za mikono ambazo hugeuka na kuonyesha pande zote mbili.

Ugumu uko kwenye matawi. Mstari ukiwa na tawi, mdarizi huliingia anapolifikia, hulimaliza kwa kwenda na kurudi, halafu huendelea na safari yake. Akisahau tawi, hatapata njia ya kulirudia bila kuharibu upande wa nyuma. Nimegundua kwamba wanaolielewa upesi ni wale waliowahi kusambaza barua au mizigo kwa miguu: barabara kuu inapitwa mara mbili, na kila kichochoro kinaingiwa na kutokwa njiani, hata kama ni cha nyumba moja. Wachoree njia kwenye karatasi ya miraba, uwaambie waifuate kwa kidole kabla ya kushika sindano.

Jina hilo lilitokana na Hans Holbein mdogo, mchoraji wa Kijerumani aliyefanya kazi katika jumba la Henry VIII, mfalme wa Uingereza, aliyezichora kola na mikono ya mashati kwa uangalifu kiasi kwamba mishono inaweza kuhesabiwa. Picha yake ya Jane Seymour ya mwaka 1536, iliyo Vienna, ndiyo ninayopenda kuonyesha, na macho ya wanafunzi nayaelekeza kwenye ncha za mikono.

Je, ni kweli kwamba Catherine wa Aragon ndiye aliyeleta udarizi mweusi Uingereza?

Hadithi hiyo ni tamu, na utaisikia kwa kila mtu. Catherine, aliyekuja kuwa mke wa kwanza wa Henry VIII, aliwasili kutoka Hispania mwaka 1501, na udarizi wa hariri nyeusi juu ya kitani cheupe uliitwa kazi ya Kihispania. Lakini mshairi wa Kiingereza Geoffrey Chaucer, katika hadithi yake ya msaga nafaka ya mwishoni mwa karne ya 14, anamweleza mwanamke kijana ambaye shati lake limedariziwa hariri nyeusi kama makaa kwenye kola, mbele na nyuma. Hiyo ni takriban miaka mia moja kabla ya meli ya Catherine kutia nanga. Ni salama zaidi kufundisha kwamba mtindo ulikuwapo na kwamba ujio wake huenda uliupa umaarufu.

Kuhusu weusi wenyewe, liko jambo ambalo wanafunzi hulipenda. Rangi nyeusi ilipatikana mara nyingi kwa kuchanganya chuma na maji ya vitu vikali kama magome, na chuma hicho huila hariri polepole. Kuna mashati ya karne ya 16 ambayo hariri yake imekwisha kuoza na kudondoka, yakabaki matundu tu katika kitani. Kwa mdarizi wa kuhesabu hasara hiyo ni nusu, maana matundu yanahesabika, na nakshi inaweza kudariziwa upya.

Je, huu ni udarizi wa Wazungu peke yao?

La. Swali hili huulizwa hasa na wanafunzi wasio na asili ya Ulaya, nao wanastahili jibu kamili. Kutoka Misri ya utawala wa Wamamluki, kati ya katikati ya karne ya 13 na mwanzo wa karne ya 16, vimesalia vipande vingi vya kitani vilivyodariziwa hariri kwa kuhesabu, mavazi na vitambaa vya mifano pia. Mshono ule ule unaopewa jina la Holbein umo humo, na baadhi ya vipande ni vya kale kuliko Holbein mwenyewe. Mkusanyiko mkubwa wa Percy Newberry, mtaalamu wa mambo ya Misri ya kale, uliotolewa mwaka 1946, umo katika jumba la Ashmolean huko Oxford. Ardhi kavu ya Misri ndiyo iliyovihifadhi vipande hivyo, vingi vikiwa matambara yaliyotupwa. Kwa mwalimu matambara yana thamani ya pekee, kwa sababu yanaonyesha darizi iliyovaliwa na kuchakaa, ilhali makanisa ya Ulaya yametuachia zaidi vitu vya fahari.

Anayetaka kuigiza mtu wa Pwani yetu ana kiungo cha kuanzia. Msafiri Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 kabla ya kwenda Mombasa na Kilwa, alipewa mavazi ya heshima ambayo miongoni mwake kulikuwa na joho la kitani cha Misri na kilemba cha Misri. Basi kitani cha Misri kilifika katika bahari hii, na tajiri wa Kilwa wa wakati huo anaweza kuvishwa kitani hicho bila aibu.

Vielelezo vya nakshi nivipate wapi?

Kuanzia miaka ya 1520 wachapaji wa Augsburg, Cologne na Venice walianza kuuza vitabu vya vielelezo. Cha Peter Quentel kilitoka Cologne mwaka 1527, na cha Johann Sibmacher kilitoka Nuremberg mwaka 1597, nakshi zake nyingi zikiwa katika miraba inayohesabika moja kwa moja. Umri wa vitabu hivyo unaruhusu kuvinakili bila kumwomba mtu ruhusa. Kwa karne ya 14 hakuna vitabu, kwa hiyo hesabu kutoka picha za vitu vyenyewe: kuza picha mpaka uone mishono, uhamishe mshono mmoja mmoja kwenye karatasi ya miraba. Ni kazi ya jioni tatu, nayo itakufundisha kuliko kielelezo chochote ulichopewa.

Vielelezo vinavyozunguka mikononi mwa watu bila kutaja kitu kilikotoka, usivipe darasa. Nimeona waridi la karne ya 19 likifundishwa kama la karne ya 14 kwa miaka kadhaa, na kila mwalimu alilipokea kwa nia njema.

Kipande cha somo kiwe na ukubwa gani?

Kiwe kidogo kuliko unavyodhani. Mraba wa nyuzi 32 kwa nyuzi 32, ambao juu ya kitani chetu ni karibu sentimita 3, una mishono 256. Wanagenzi wangu hushona kama minne kwa dakika wakishazoea, kwa hiyo ni saa moja na dakika chache, na somo la saa mbili linatosha pamoja na maelezo. Sasa linganisha na mkoba wa sentimita 10 kwa 12: upande mmoja tu una mishono zaidi ya 3,600, na mkoba una pande mbili. Mwalimu anayeanza na mkoba ataona vitambaa vyake mwaka unaofuata, vikiwa vimefika palepale vilipoishia.

Rangi zisizidi tatu. Ada iwe ya vifaa tu, kwani katika jumuiya yetu mafunzo hutolewa kwa kujitolea.

Fremu ni ya lazima?

Kwa kipande cha sentimita 3, hapana. Kwa kazi kubwa, ndiyo, na iwe ya mstatili, ambayo kitani hufungwa kwa kamba pande zote, kama zinavyoonekana katika picha za kale za wadarizi. Ile ya duara ya kubana ni rahisi kubeba, ila isiachwe na kazi usiku kucha, kwa sababu huacha alama.

Wanaume wanaruhusiwa?

Wanatarajiwa. Udarizi wa malipo katika miji ya Ulaya ulikuwa na wanaume wengi, na chama cha wadarizi cha London kilipata hati ya kifalme mwaka 1561.

Nimfundisheje anayetumia mkono wa kushoto?

Keti mkabala naye badala ya kando yake, naye akuige kama anavyojiona kwenye kioo. Safu zake zitakwenda kutoka kulia hadi kushoto, na nakshi itatoka ile ile.

Nikipeleka kazi kwenye maonyesho ya sanaa ya jumuiya, niandike nini?

Andika kitani chako kina nyuzi ngapi kwa sentimita, uzi ni wa nini, mshono ni upi, na kitu gani cha kale ulichokifuata kiko wapi. Halafu andika ulichobadilisha na sababu yake: "nimetumia pamba kwa kuwa ni kazi ya mazoezi" ni sentensi inayoheshimiwa na waamuzi, ilhali pamba iliyonyamaziwa huwafanya watie shaka hata palipo sahihi. Ambatisha picha ya mgongo wa kazi. Wengi huuficha, na ndio wa kwanza kuulizwa.

Mwanafunzi amemaliza mraba wake. Aufanyie nini?

Usimwache aondoke nao ukiwa kitambaa tu, maana utaishia kwenye droo. Mpe kipande cha pili cha kitani, akate vyote viwili akiacha nyuzi 8 za kukunjia kila upande, akunje, kisha aunganishe ukingo kwa ukingo kwa mishono midogo ya uzi wa kitani uliopitishwa kwenye nta. Abakize mwanya wa kidole kimoja, ajaze sufu ya kondoo isiyooshwa sana, aufunge. Atakuwa na mto mdogo wa kuchomekea sindano, na mafuta yaliyobaki katika sufu hiyo yatazisaidia sindano zisishike kutu.